Mabakuli ya Bi Somoe

Jumatatu, 7 Julai
Wali na kunde. Kuni mbichi, macho yameniwasha asubuhi nzima. Wazee wote wa mtaa wamepelekewa chakula, isipokuwa Bi Somoe. Hajarudisha mabakuli ya wiki iliyopita. Sheria niliiweka mwenyewe: bakuli lisiporudi, chakula hakitoki. Chama chetu cha kupikia wazee hakina kiwanda cha mabakuli.

Jumatano, 9 Julai
Nimekwenda kuyadai. Nimepiga hodi mpaka nikachoka. Kaitikia ndani, hakufungua. Kasema kesho. Kesho gani? Mwanawe aliyekuwa akimtazama yuko Mtama kwenye mikorosho, hajatuma kitu tangu korosho zikose bei. Basi si arudishe vyombo ale? Labda kaviuza. Nimekasirika, nimelikata jina lake kwenye orodha.

Ijumaa, 11 Julai
Zuhura, ninayepika naye, kaninunia. Kasema tunamnyima mtu mzima chakula kwa ajili ya plastiki. Nimemjibu ovyo. Mbaazi zimeungua.

Jumamosi, 12 Julai
Jirani kaja mbio. Bi Somoe kaanguka uani. Nimemwinua peke yangu, hana uzito. Chumbani nikayaona mabakuli yote, yameoshwa, yamefunikwa kanga. Nikamuuliza kwa nini hakuyarudisha.

"Sikuwa na cha kutia ndani."

Ya Rabi. Na mimi mzaliwa wa hapahapa. Mama hakurudisha bakuli la jirani tupu hata siku moja. Walau ndimu mbili, walau chumvi. Nikadhani bakuli la chama halina jirani. Daktari wa zahanati kasema ni njaa tu. Lindi mjini, na soko lile pale. Najichukia.

Jumapili, 13 Julai
Jina nimelirudisha. Zuhura hakunisema, heri angenisema. Nikipeleka bakuli litakwama tena. Nikimwambia alirudishe tupu, nitakuwa nimemvunjia heshima. Sijui nifanyeje.

Jumatatu, 14 Julai
Sikupeleka bakuli. Nimebeba sinia la wali na samaki, nikamwambia nami sijala, na ni kweli. Tukanawa, tukakaa mkekani, tukala pamoja. Sinia nimeondoka nalo mwenyewe, hana deni.

Alikula taratibu, matonge madogo. Mimi tonge nimelishika tu, silitii mdomoni. Akaniona. Akakichambua kipande cha samaki cha upande wake, akatoa miiba, akanisogezea.

"Kula, mwanangu. Hapa kwenu, usione haya."

Nikala.