Jibu Kulingana na Kifungu

Jumamosi, Agosti 2009. Kitengela.

Upepo wa leo ni baridi na umebeba ile harufu. Nimefunga madirisha, nimesukuma kitambaa chini ya mlango, na bado imeingia. Mizoga ya ng'ombe waliouawa na ukame imetapakaa mbugani hadi karibu na barabara ya Namanga, na upepo ukitokea upande ule hakuna pa kukimbilia. Chai inanuka. Nywele zangu zinanuka.

Lakini si harufu hiyo iliyonikalisha kwenye kompyuta ya dada yangu mchana huu. Ni mtihani.

Nimechukizwa. Nimetafuta neno la upole zaidi, mimi mwalimu wa Kiswahili, nimelikosa.

Kwa msomaji asiyenijua: nafundisha Kidato cha Nne katika shule moja ya kutwa hapa Kitengela. Wanafunzi wangu ni mchanganyiko. Kuna ambao wazazi wao walitoka Machakos na Kitui kutafuta kazi, kama wangu. Kuna watoto wa wafanyabiashara kutoka Murang'a na Kiambu waliokuja kununua ploti. Na kuna Wamaasai, ambao ardhi hii ilikuwa yao kabla sisi wengine hatujafika na seng'enge zetu.

Wote nawaandaa kwa Karatasi ya Pili ya mtihani wa kitaifa. Ufahamu, ufupisho, sarufi. Tangu Januari nimewaimbisha sheria moja mpaka wanaweza kuisema wakiwa wamelala: jibu kulingana na kifungu. Usilete ya nyumbani kwenu. Usilete unachofikiria. Maksi iko ndani ya kifungu, ichukue uende.

Ni sheria nzuri. Imewapitisha wengi.

Wiki hii shule kadhaa za hapa kwetu zilimaliza kusahihisha mtihani wa majaribio, ile mok tunayoifanya kwa pamoja. Tulikutana Kajiado, walimu wa Kiswahili kutoka kila pembe, wa Kimuka, wa Rongai, hata mmoja alikuwa amesafiri kutoka Loitokitok. Nilipokuwa naenda, nilifunga leso puani kutoka Isinya mpaka mjini. Kando ya barabara niliona mama mmoja akijaribu kumwinua ng'ombe kwa kumshika mkia. Ng'ombe aliinuka nusu, akarudi chini. Mama akaketi kando yake.

Nilifika, nikapewa kalamu nyekundu na bunda langu.

Swali moja la sarufi liliwataka watahiniwa wageuze sentensi "Mvua ilinyesha" iwe wakati ujao, hali ya kukanusha. Jibu ni "Mvua haitanyesha." Nilisahihisha karatasi baada ya karatasi, mkono baada ya mkono, wa msichana, wa mvulana, wa mwenye mwandiko mzuri na wa mwenye kuparura. Mvua haitanyesha. Vema. Mvua haitanyesha. Vema. Ilifika mahali nikaweka kalamu chini na kutoka nje. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata alama ya wingu.

Nani aliyekaa akatunga swali hilo mwaka huu, hapa?

Hilo ningelisamehe. Sentensi ni sentensi. Kilichonishinda ni ufahamu.

Kifungu kilisimulia habari za mzee mfugaji aliyekataa kuuza ng'ombe wake kiangazi kilipoanza. Akashauriwa na "wasomi", akakataa. Ng'ombe wakafa, watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na mzee akabaki akilia peke yake. Hakuna mahali mwandishi anamwita Mmaasai, lakini alimvisha shuka nyekundu na kumpa rungu. Kisha likaja swali: "Toa sababu mbili zinazoonyesha kuwa mzee alistahili yaliyompata."

Maksi nne.

Tulikuwa tumekaa mezani, watano hivi, wakati mwalimu mmoja alipoanza kucheka. Akasema, "Sikieni huyu," akainua karatasi na kusoma jibu la mtahiniwa kwa sauti. Lilikuwa neno moja.

"Hakustahili."

Meza nzima ikacheka. Mimi niliutambua mwandiko kabla sijaona jina. Herufi zake hulala upande wa kushoto kama nyasi zilizopigwa na upepo. Alikuwa Nasieku, wa darasa langu.

Nasieku anaishi na shangazi yake kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya soko, lakini kwao ni ndani huko, upande wa Isinya. Mwezi wa tano baba yake aliondoka na ng'ombe kutafuta malisho. Walienda wakifuata fununu za nyasi hadi Entarara, kule Loitokitok chini ya mlima, ambako wenye mashamba waliwafukuza kwa sababu nao walikuwa wakilinda mahindi yao machache yaliyobaki. Alirudi kwa miguu na ng'ombe wa kuhesabu kwa vidole. Nasieku alinieleza hayo siku moja alipochelewa kufika shuleni. Hakuwa analia. Alieleza kama anayejibu swali.

Niliichukua karatasi ile mezani. Hakustahili. Kikanushi kiko mahali pake, nafsi ya tatu umoja, wakati uliopita, hakuna kosa hata moja. Ni sarufi safi kuliko nilivyowahi kuipata kwake.

Nikasema apewe angalau maksi moja, kwa sababu swali lenyewe ni bovu. Mwenyekiti wa jopo, mwalimu mwenye uzoefu mkubwa, alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, swali linasema alistahili. Mtoto anabishana na swali. Mwongozo ni mwongozo."

"Na kama swali linamtukana baba yake?"

"Baba yake hayuko kwenye kifungu," akasema. "Na akienda kuandika hivi kwenye mtihani wenyewe, wewe utakuwa wapi wa kumtetea?"

Alikuwa sahihi, na usahihi wake ndio ulionichukiza. Sufuri iliandikwa nikiona.

Mchana tuliletewa nyama choma. Nyama nyingi, sinia kwa sinia, mbavu ndefu zisizo na mafuta hata kidogo. Mtu akasema siku hizi ng'ombe wanapatikana kwa bei ya kutupa, tule tu, nafasi kama hii hairudi. Walimu wale wale waliosahihisha habari za mzee mjinga wakanawa mikono wakala. Nilikunywa soda. Sijisifu, wengine walikuwa na njaa kweli na wengine ni watu wazuri. Ila nilitazama maji ya chumvi yakichuruzika kwenye vidole vile vilivyoshika kalamu nyekundu, nikasukuma sinia upande wa pili.

Jana, Ijumaa, niliingia darasani na karatasi zilizosahihishwa.

Nilizigawa. Nasieku aliangalia yake, akaikunja, akaiweka chini ya daftari. Tulipofika kwenye swali lile nikauliza ni nani aliyepata maksi zote nne. Mkono mmoja ukainuka kwa ujasiri. Lemayian.

Lemayian ni Mmaasai kama Nasieku. Baba yake aliuza sehemu ya ardhi zamani kidogo, akajenga nyumba ya mawe hapa mjini, lakini babu yake bado anafuga. Nilimwomba asome jibu lake. Akasimama.

"Moja, mzee alikuwa mkaidi. Mbili, mzee alipenda ng'ombe wake kuliko watoto wake."

Alisoma kwa sauti nzuri, bila kusitasita. Wengine wakapiga makofi kidogo, tulivyozoea kumpongeza mwenye maksi. Nasieku alikuwa akiangalia dirishani.

Nikamuuliza Lemayian kama anaamini alichoandika. Alishangaa, kama mtu aliyeulizwa kama anaamini jedwali la kuzidisha.

"Hapana, Madam. Babu yangu hata chakula hali vizuri tangu ng'ombe wake wakufe. Lakini si ulituambia kulingana na kifungu?"

Hakuwa na kejeli. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananikumbusha tu somo langu, kwa heshima, akitarajia nifurahi.

Nimefundisha vizuri mno. Hilo ndilo nililofikiria nikiwa nimesimama pale na chaki mkononi.

Saa ya chai mkuu wa shule akaniita. Ni mtu wa adabu, hajawahi kunipandishia sauti. Alikuwa amesikia kwamba vifungu vinavyohusu mila zilizopitwa na wakati vinaweza kuja mwaka huu. Nani alimwambia, sijui, kila mwaka kuna anayejua kitakachokuja. Akataka nirudie kifungu kile na Kidato cha Nne, kisha nikipeleke kwa Kidato cha Tatu. Akataka pia jibu la Lemayian liandikwe ubaoni na kila mwanafunzi alinakili kwenye daftari lake la marudio. Kila mwanafunzi.

"Hata Nasieku?" nikauliza.

"Hasa Nasieku. Huyo msichana anaweza kupata B. Hasira itamwangusha."

Nikamwambia sitamwamuru mtoto aandike kwa mkono wake kwamba baba yake alistahili kufiwa na mifugo. Akashusha pumzi. Akasema ananielewa, na yeye pia ni mzazi, lakini wazazi huangalia wastani wa shule, hawaangalii hisia za mwalimu. Akasema kama nimechoka anaweza kumwomba mwenzangu amalizie darasa hili mpaka mtihani.

"Fikiria, Mwalimu Mwende. Utanipa jibu Jumatatu."

Miaka minne nimekuwa na watoto hawa. Niliwapokea hawajui tofauti ya "hii" na "huyu", wakisema "hii mtoto" na "hii mwalimu", sasa wananisahihisha mimi nikiteleza. Na nikiondoka wakati huu, watasumbuka wao, si mimi. Mkuu analijua hilo. Ndiyo sababu alilisema taratibu.

Leo asubuhi tulikuwa na masomo ya ziada. Nasieku alifika kabla ya wengine, akakaa dawati la mbele akiwa amejifunga leso puani. Nilikuwa nimelifikiria jambo hili tangu jana, na nilidhani nimepata njia. Nikaketi kando yake.

Nikamweleza kwamba kuna kitenzi kinaitwa kudai. Ukiandika "mzee alikuwa mkaidi", umesema wewe. Ukiandika "mwandishi anadai kwamba mzee alikuwa mkaidi", amesema yeye, wewe umeripoti tu. Maksi ni zile zile. Msahihishaji ataiona hoja aliyoitafuta, atapita. Nilikuwa najivunia kidogo, nakiri. Nilijiona nimemchimbia mlango wa nyuma.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Madam, na mwenye kusahihisha atajua kama sikubaliani na yeye?"

"Atakupa maksi zote."

"Sijauliza maksi."

Nje wenzake walikuwa wameanza kufika, wanacheka, wanaburuta viti. Ningeweza kumpa jibu tamu. Alikuwa ametazama usoni mwangu moja kwa moja, na nilikuwa nimeshiba majibu matamu wiki nzima.

"Hapana," nikamwambia. "Hatajua."

Akachukua kalamu. Akaandika sentensi mbili kama nilivyomfundisha, na kudai kwake ndani, bila kosa. Akanigeuzia daftari nione. Nikaweka alama ya vema.

"Nitaandika hivyo," akasema. "Nataka kupita, niende chuo. Yeyo ananingojea nipite." Mama yake, huyo. "Lakini usiniambie ni sarufi tu, Madam."

Sikumwambia.

Darasa lilipojaa nilifanya kitu ambacho hakiko kwenye ratiba. Niliwaambia wafungue kifungu kile, na badala ya kuwapa majibu nikawauliza mwandishi alikuwa amesimama wapi alipoandika. Amewahi kuhama na mifugo? Amemuuliza mzee sababu zake? Mwanzoni walinitazama kama nimerukwa na akili. Halafu Wanjiru, ambaye baba yake ni mchinjaji, akasema kifungu hakitaji popote kwamba kiangazi kilipoanza bei ya ng'ombe ilikuwa imeshaanguka, kwa hivyo kuuza kungemsaidia nini mzee. Mwingine akaongeza kwamba wale wasomi hawakumpa nyasi, walimpa mawaidha. Mwishowe Lemayian akainua mkono na kusema babu yake aliuza ng'ombe wawili wa kwanza ili kulipa ada ya mok hii hii.

Hakuna aliyepiga makofi. Alikaa, akafunika uso kwa kitabu, na tukamwacha.

Ulikuwa usomaji bora kabisa niliowahi kuuona katika darasa hilo, na hauna maksi hata moja.

Sasa nimerudi nyumbani na bado nimechukizwa. Sijui kama mtu mmoja alikaa akakusudia ubaya huu. Nadhani hapana, na hilo linanichukiza zaidi. Mtungaji alitunga, mwenyekiti alifuata mwongozo, mkuu anatafuta wastani, mimi natafuta maksi za watoto wangu. Kila mtu na kazi yake safi.

Jumatatu nitakwenda kwa mkuu kabla kengele haijalia. Nitamwambia nitawafundisha kupita, kwa kila ujanja halali ninaoujua, mpaka siku ya mtihani. Lakini lile jibu sitaliandika ubaoni, na hakuna mtoto atakayelinakili nikiwa nimemsimamia. Akitaka kunipokonya darasa, alipokonye akijua sababu.

Ninaogopa. Nawapenda watoto wale. Lakini nimeshajisikia nikisema hapana kwa sauti, hapa peke yangu chumbani, na sauti haikutetemeka.