Sawa Yangu na Sawa Yako

Wani, ndugu yangu,

Shuleni Kitale tulifundishwa kuanza barua kwa kumjulia mwenzako hali, kisha useme nawe hujambo. Mwanzo huo umenishinda. Wewe sina la kukuuliza, na mimi si mzima. Tangu tukuzike sijui kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea, na nikitembea najikuta niko mtaani kwenu Malakia, hatua chache kutoka kwa mama yako, halafu nageuka na kurudi. Nimefanya hivyo mara nne wiki hii. Mbwa wa jirani yenu hata hanibwekei tena.

Nikupe habari za timu kwanza, maana najua ungeanzia hapo. Sisi Wakontena bado tunalipwa. Watu wa sokoni hapa Juba bado wanacheka kwamba Mama Akello, mwenye hoteli ya makontena, anawapa watu wazima mshahara wa kukimbiza mpira. Tumeshinda mechi tatu mfululizo, na kesho Jumapili tunafunga msimu na madereva wa Nesitu. Tukiwapiga, kombe letu. Ule wavu ulioushona kwa vyandarua vya hoteli umetoboka upande wa kushoto. Nilijaribu kuuziba mwenyewe, nikajichoma kidole, nikaacha.

Unakumbuka tulivyoanza vibaya? Tulifungwa mechi mbili za kwanza, Mama Akello akatupanga uani kama watoto wa shule. "Mimi iko na timu," akasema, "hapana iko na kanisa. Hapa hapana kusamehe kila Jumapili." Ukacheka, ukakatwa mshahara wa siku moja, ukacheka tena. Siku hiyo ukanipeleka kwenu tukala ful, maharage yenu, kutoka sahani moja, ukaanza kuniita sabi, rafiki. Mimi nikakufundisha Kiswahili, ingawa Waganda wa sokoni walikuwa wamekwisha kukiharibu. Ukaniambia, beki kwa kipa wake, "Mimi iko mbele yako, wewe iko nyuma yangu. Nani atapita?" Na kweli, kwa wiki nyingi hakupita mtu.

Sasa nifike pale ninapopazungukazunguka.

Ilikuwa kona, dakika za mwisho, tukicheza na wanajeshi wa Bilpam. Mpira ulipanda juu sana. Nilitoka golini nikapiga kelele, "Sawa!" Kwetu kipa akisema hivyo anamaanisha niachie, nimeuona. Wewe ukaruka pamoja nami. Vichwa vikagongana, mpira ukadondoka katikati yetu, ukajiviringisha taratibu mpaka kwenye chandarua. Moja bila.

Tukagombana pale pale chini, wewe umeshika paji la uso, mimi nimeshika pua.

"Wewe si ulisema sawa!" ukaniambia.

"Ndiyo, nilisema sawa!" nikakujibu.

"Sasa?"

"Sasa?"

Refa alidhani akili zimetuhama kwa kugongana.

Kisha Mama Akello akatuita ofisini, akaniuliza nilikuambia nini. Nikamjibu, "Nilimwambia aniachie." Wani, sikusema uniachie, na nilijua sikusema. Nilibadilisha neno moja kwa sababu mkataba wa kumalizia msimu ulikuwa mkononi mwake, na kwa bao lile mmoja wetu alikuwa anaondoka. Ulinitazama. Uliningoja nirekebishe, sikurekebisha. Ukasema, "Basi. Mimi iko na makosa." Ukavua jezi, ukaikunja vizuri, mikono ndani, ukaiweka juu ya meza yake. Nilifurahi, Wani. Kwa muda mfupi, lakini nilifurahi, na hilo ndilo linaloniamsha.

Mwezi haukuisha ukapata kazi ya kuendesha lori la soda kutoka Nimule. Lilipinduka karibu na Nesitu, asubuhi, barabara ikiwa tope. Asubuhi hiyo sisi tulikuwa mazoezini, na bila lile neno langu nawe ungekuwepo, unanitukana kwa kuchelewa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Nesitu.

Timu nzima tulikuja matangani. Mama yako alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Akainua uso, akaniuliza kwa Kiarabu chenu cha Juba, "Itakum ja sawa?" Mimi, kwa haraka ya kutaka kumfariji, nikajibu, "Sawa, Mama. Sawa." Kenyi, winga wetu, akanivuta shati.

"Anauliza kama mmekuja pamoja," akanong'ona.

"Wapi amesema pamoja?"

"Sawa. Sawa ni pamoja. Miaka miwili Juba, wewe hapana jua?"

Nilitoka nje nikashika nguzo ya ua wenu. Pamoja. Nilikupigia kelele turuke pamoja, nawe ukaruka, kwa sababu kipa wako amekuita. Hukukosea hata nusu hatua. Tuligombana tukiwa na neno moja mdomoni, kila mtu na lake, na mimi nilipoulizwa sikutoa hata hilo moja. Ningesema tu nilichosema kweli, Kenyi au yeyote wa hapa angecheka, angetufafanulia, na Mama Akello angetukata mshahara sote wawili. Yangeishia hapo.

Jumapili baada ya matanga nafasi yako ilichukuliwa na beki mpya aliyekulia kambini Kakuma, Kenya. Kiswahili chake ni cha kwetu. Mpira ukapanda, nikapiga kelele sawa, akaniachia mara moja. "Fiti, kipa," akasema. Niliudaka bila taabu yoyote, na nikachukia jinsi ulivyokuwa rahisi.

Juzi Alhamisi nilimwendea Mama Akello nikamweleza yote, pamoja na neno nililobadilisha. Nilitarajia matusi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Jumapili wewe iko golini," akasema, "sababu mimi hapana iko na kipa mwingine. Mpira ikiisha, jezi weka hapa." Akagonga meza kwa kidole, pale pale ulipoiweka yako. Nililala vizuri siku hiyo, kisha Ijumaa miguu ikaanza tena.

Amebaki mama yako, ndiyo maana. Malakia nzima inajua kwamba mwanawe alifukuzwa kwa kutomsikiliza kipa, na anayabeba hayo juu ya msiba. Kenyi amenifundisha la kumwambia. "Wani ma galtan. Ana galtan." Wani hakukosea, mimi ndiye niliyekosea. Nimeyarudia sana hapa hotelini mpaka mpishi akaniuliza nimemkosea nani. Naogopa, nisikufiche. Naogopa atanifukuza, na naogopa zaidi kwamba hatanifukuza, ataniwekea ful.

Wakati mwingine nimejiambia nisubiri mechi ipite kwanza. Huo nao ni uongo, nimeanza kuujua kwa harufu. Kwa hiyo leo sigeuki. Nikishaikunja barua hii naondoka, na safari hii napiga hodi, na nitamwambia kwa lugha yenu, hata kama maneno yatanitoka vibaya. Nakuahidi.

Na kesho, kona ya kwanza ya Nesitu, nitatoka golini nikipiga kelele, "Sawa!" Yule wa Kakuma ataniachia mpira, atadhani namwambia yeye. Mwache adhani. Ile itakuwa sawa ya kwenu.

Kwaheri, sabi. Ukiisikia, ruka.

Wafula