Siku Nilipomwita Mtu wa Kodi Arudi

Mama,

Habari ya huko? Tangu tukuzike Koboko, hapa Arua tunasukuma siku, na cherehani yako bado inapiga kelele zake zilezile. Leo nina la kukuchekesha: mwaka huu fomu za kodi ya biashara nimejaza mwenyewe.

Najua unachosema. "Wewe? Na kichwa hicho?" Ndiyo, Mama, na kichwa hikihiki. Masista wa misheni ya Ediofe wanataka niwashonee sare za shule yao nzima, lakini sharti kwanza niwe na cheti cha kodi. Nikikosa, kazi anapewa fundi mwingine, nami narudi Koboko kulima mihogo na kaka. Mimi na jembe unatujua.

Basi nikaanza. Ile tovuti ya kodi ina roho mbaya! Inakuuliza swali, unakwenda kumpima mteja kiuno, ukirudi imeshakutoa nje, uanze upya. Inauliza matumizi ya biashara. Nikakaa najiuliza, chai ninayowapa wateja ni matumizi au ni adabu tu? Nilikonda, Mama. Kanisani wakadhani kuna mwanamume ameniacha.

Nikamaliza, likabaki jambo moja: mtu wa kodi aje ajionee kwamba duka lipo kweli. Akasema atakuja Jumanne.

Jumanne nikafagia, nikavaa lile gauni la maua ulilonishonea, nikangoja. Mara nikasikia kufuli likigongwa kwenye mlango wa Mzee Onzima, muuza viatu wa mwanzo wa mstari wetu wa maduka. Si unakumbuka? Mtu wa kodi akionekana, wa kwanza hugonga, na mstari mzima hufunga. Mikono yangu haikuniuliza. Nikavuta mlango, nikakomea kwa ndani, nikajikunyata chini ya meza ya kukatia. Nyayo zikaja, zikasimama, zikapita. Ndipo akili iliponirudia: huyo ni mgeni wangu, nimemwalika mwenyewe!

Nikatoka mbio bila viatu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. "Bwana kodi! Rudi! Duka iko huku!"

Mama, katika soko hili nani amewahi kumwita mtu wa kodi arudi? Milango ikafunguka kidogo kidogo, yakachungulia macho tu. Mzee Onzima akashika kichwa: "Huyu mutoto wameroga yeye!"

Yule bwana akarudi, kijana mpole, anapangusa jasho. Akatazama cherehani, akagusa vitambaa, akauliza, "Mwenye duka iko wapi?"

Nami nikajibu upesi, "Mama ametoka kidogo, iko anarudi."

Ndilo jibu ulilonifundisha tangu utotoni, wewe ukiwa nyuma ya pazia umeziba mdomo usicheke. Lilitoka lenyewe. Yule kijana akavuta kiti, akasema hakuna neno, atakungoja. Na kweli akakaa, Mama, akakungoja. Nami nilisimama pale nikitamani nimwache aendelee kungoja.

Machozi yakanitoka. Ilibidi nimwambie kwamba hutarudi tena, na kwamba mwenye duka ni mimi. Sijawahi kuyasema maneno hayo kwa sauti. Akanipa pole, akaandika jina langu.

Cheti kimetoka. Masista wameshaleta kitambaa, rangi ya zambarau usiyoipenda, nami nakata huku nacheka peke yangu. Mzee Onzima naye amepita mlango wa nyuma, kwa kunong'ona, anataka nimjazie fomu zake za kodi. Nimemwambia alete na viatu vya kunivalisha, maana siku ile niliaibika kwa miguu mitupu.

Kwaheri, Mama yangu. Nakuahidi wakija tena sitaingia chini ya meza. Wewe pumzika. Ukisikia mtu anamuulizia mwenye duka, usihangaike kuamka. Nipo.

Mwanao,
Ayikoru