Tulimlilia Mjapani

Naguru, Alhamisi, 1975

Na sisi tulidhani ni sinema ya ngumi. Ilikuwa ya Kijapani, basi askari wakajaza ukumbi wa kambi mapema, na sisi wake zao tukakaa nyuma na watoto.

Hakuna aliyepiga ngumi. Bomu moja liliangushwa, mji mzima ukawa majivu. Mwanamke mmoja akamtafuta mumewe, akapata miwani yake tu. Akaichimbia kaburi, akaizika, na majirani wakasimama naye wakilia.

Hapo Mama Atim, jirani yangu, akaanza. Mumewe, koplo, alichukuliwa na gari lisilo na namba kabla ya mvua, na tangu hapo tumekatazwa hata kumtaja. Maiti hakuna, matanga hakuna. Nikalia naye. Wanawake wote wa nyuma tukalia kwa sauti, kama msibani.

Taa zikawashwa. Ofisa akatugeukia. "Munalilia nani, nyinyi?"

"Ule mama Mjapani, afande," Mama Atim akasema.

Akatutazama sana, kisha akaamuru taa zizimwe, sinema iendelee. Nilishusha pumzi. Lakini naogopa bado, maana yule mtu si mjinga, na mume wangu yuko chini yake.

Sasa hivi Mama Atim amebisha. Hakutaka kuingia. Ameomba jembe tu, na chini ya kitenge chake nimeona viatu vya mumewe vya kanisani, vimepigwa rangi vikang'aa.

Nimempa. Naandika haya haraka, kwa sababu haifai azike peke yake.