Mshonaji Aliyeibeba Filamu

Mwenzio nina hasira hizo! Tumetoka sasa hivi kuonyeshana ile filamu ninayoihariri.

Hadithi yenyewe unaijua, ya kawaida tu, haina chumvi wala pilipili. Lakini yule mama mshonaji wetu wa mavazi, aliyeziba nafasi ya mwigizaji aliyeugua? Ametuumbua wote!

Kwenye filamu anaambiwa mwanawe amekufa. Mswada unasema apige yowe. Hakupiga. Alichukua shati la mwanawe akalifunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Basi! Ukumbi mzima watu wanafuta machozi.

Muongozaji akasimama: "Hiyo kata. Inamfunika nyota wetu."

INAMFUNIKA! Na mama wa watu kakaa palepale, anasikia!

Akajibu kwa upole, "Sawa baba, mimi ni fundi tu."

Fundi tu! Nikalipuka: "Bila huyu mama huna filamu, una watu wanaotembea tembea!"

Muongozaji kasema nikate leo leo au niondoke.

Sikati ng'o. Nimemwachia funguo za chumba cha kuhariria. Akate kwa mkono wake, huku yule mama anamtazama kutoka kwenye skrini.