Makosa ya Inshirah

Minya, Jumanne

Mwanangu Nagib,

Watu wengi hudhani walimu wa madarasa ya watu wazima hunyamaza kwenye kundi la mtandaoni ulilowafungulia kwa sababu simu zinawashinda. Haziwashindi. Wanajua tu ni nani anayewasoma.

Goti langu halijambo, na njiwa wametotoa. Lakini jana alikuja Inshirah, yule mwalimu wa darasa la wanawake, akakataa hata chai. Uliwaambia waandike makosa yao ili wajifunze pamoja. Akaandika yeye peke yake: “Wanawake wangu wanasinzia darasani. Nadhani nafundisha vibaya.” Wenzake wakamjibu kwa vijipicha vya maua na “Mungu aibariki mikono yako.” Mkaguzi, uliyemwingiza wewe kundini, akayanakili maneno hayo kwenye faili lake, akamnyang'anya darasa.

“Mwalimu, si huyo mtoto wa kaka yako alisema tuseme ukweli?” aliniuliza. “Sasa mjinga ni mimi au yeye?”

Nikamwambia mjinga ni wewe, Nagib. Hakuna anayetafakari mbele ya mtu mwenye kalamu ya kumfukuza.

Usinipigie kunieleza taratibu. Leo hii, mkaguzi akiwa anasoma, andika humo kundini kwamba kumwingiza lilikuwa kosa lako, na utie jina lako.

Shangazi yako,
Wagida