Moshi wa Udi Juu ya Fuwele Yangu

Tanambao, Mahajanga
9 Oktoba 1966

Mpendwa Mama Mdogo Zalifa,

Nashika miguu yako. Nakuombea uwe mzima, wewe na Baba Mdogo Boinali na wote wa Ambanoro. Goti je, limepungua kuuma? Sisi huku hatujambo, ila joto limeanza mapema, na maji ya bomba yanatoka yakitaka yenyewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili ulichonifundisha mwenyewe. Hapa nyumbani watoto wanasema Kimalagasi na shuleni ni Kifaransa, kwa hiyo nikikosea neno usinicheke mbele ya binti yako Koulsoum, atalitangaza kijiji kizima.

Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza hukuzijibu, na sababu naijua. Tafadhali usiitupe hii kabla hujafika mwisho. Ina habari njema, na habari yenyewe ni yako kuliko yangu.

Unalikumbuka lile bakuli la kioo juu ya kabati langu, nililowakataza watu hata kupumua karibu nalo? Mwalimu Houmadi, anayenifundisha kemia, alinipa kazi ya kuunganisha shaba na kiini cha vanila, kile kile kinachoipa harufu yake. Alisema nikipata fuwele safi, yaani kipande kigumu chenye nyuso zilizonyooka kama kimekatwa kwa kisu, ataipeleka Ufaransa ikapigwe eksirei, na wakiridhika nitapewa nafasi ya kusoma huko. Vanila ilitoka kwenye kikapu chako. Wiki sita nikailea fuwele moja ndani ya maji ya bakuli lile mpaka ikafika ukubwa wa punje ya mahindi, nikajiona nimemaliza kazi.

Alhamisi ile, ukiwa huku kwetu, ukafukiza nyumba kwa udi. Ulipofika chumbani kwangu ukalifunua bakuli, ili baraka iifikie na kazi yangu. Vumbi la moshi likatua majini, na kila chembe ikaotesha fuwele yake. Nilipokuja kutazama, ile kubwa ilikuwa imeota vipele mwili mzima, na chini kumejaa mchanga wa kijani.

Ndipo nikakwambia umeniharibia maisha, urudi kwenu na chetezo chako. Mbele ya wageni, Mama Mdogo! Wewe uliyenilea tangu mama alipofariki, sijui hata kufunga leso. Ulikunja nguo zako, ukaondoka na chombo cha baharini cha siku ile hata chai hukunywa. Naona haya mpaka leo.

Bakuli nikampelekea Mwalimu Houmadi huku nikilia. Ile fuwele kubwa aliiweka kando, hakuitazama mara mbili. Akavuta hadubini yake, akauchambua ule mchanga kwa ncha ya sindano, akatoa fuwele tatu ndogo kuliko chembe ya chumvi, hazina doa wala ufa. Kumbe eksirei haitaki jitu! Inataka kitu kidogo ambacho mwali wake unaweza kukizunguka na kukipenya chote. Mimi wiki sita nilikuwa nalea pambo.

Picha zimerudi. Ni vitone vyeusi vilivyopangika kwa safu, na kwa kuhesabu nafasi zake wamejua kila atomu imekaa wapi. Shaba iko katikati. Vanila mbili zimeishika huku na huku, kila moja kwa mikono miwili. Juu na chini kuna maji, nayo yamekaa mbali kidogo, kama wageni wasiojua kama wamekaribishwa. Mpangilio huo ndio unaoipa rangi ya kijani. Ukiipasha moto maji yanaondoka, inageuka kahawia. Nimejaribu mwenyewe, nikaunguza na kidole.

Vanila uliyoikausha kwa mikono yako imeandikwa kwenye karatasi ya wataalamu, Mama Mdogo. 

Nafasi nimepata. Nasafiri mwezi ujao. Mwalimu anasema bila zile tatu ndogo tungeanza upya, na muda wa maombi ungekuwa umepita.

Ahsante. Naliandika peke yake neno hili ulione vizuri. Nakushukuru kwa vanila, kwa udi, na kwa miaka yote uliyonivisha kabla hujamvisha Koulsoum. Na hata kama bakuli lile lingeharibika moja kwa moja nisipate kitu, bado ningekuwa na deni la shukrani, kwa sababu ulilifunua kwa kunipenda, nami nikakujibu kwa matusi.

Nisalimie Baba Mdogo Boinali, Koulsoum, na jirani yetu Bibi Moinaecha. Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, na akulinde na kila jicho baya.

Jumatano napanda chombo kuja Nosy Be. Siji kuaga. Nakuja kuomba radhi, na bila radhi yako sipandi ndege yoyote, nafasi na wampe mwingine. Ukiwa hutaki kuniona, funga mlango. Nitakaa barazani mpaka ufungue, na ubishi wangu unaujua, maana nimelelewa na wewe.

Mwanao akupendaye siku zote,
Mariamou